Chungu Kimoja kutoka Shinyanga

Juzi mpwa wangu alinipitishia mfuko wa michembe kutoka nyumbani. Alikuwa amesafiri kwa ndege, na kabla hajakaa vizuri alishaanza kulalamika jinsi ndege ilivyochelewa kuondoka na jinsi viti vya uwanjani vilivyomuumiza kiuno. Nilimpa pole ya mdomoni tu, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshafungua mfuko. Nikabandika sufuria pale pale. Maji yalipoanza kuchemka na ile harufu ya viazi na jua ikapanda, nikawa simsikii tena mpwa wangu wala ndege yake. Nilimwambia kwamba mimi najua safari ya ndege kutoka Shinyanga hadi Geita inachukua muda gani, na nimejua tangu meno ya utoto yanang'oka. Ni chungu kimoja cha michembe. Akacheka, akadhani uzee umeanza kunizidi.

Wenzangu mliokulia Usukumani mnajua ninachosema. Kwa wasiojua, niwaeleze mapema, maana habari yote imelalia hapo. Kiazi kitamu kikimenywa, kikakatwa kibichi na kuanikwa juu ya miamba mpaka kikauke, hiyo ni michembe. Kikichemshwa kwanza, ndipo kikatwe na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Vikiwa kwenye kapu, mtu asiye mzoefu anaweza kuvichanganya. Vikiwa motoni havina udugu: michembe inachukua muda wake mpaka ilainike, lakini matobolwa yamekwisha kuiva siku nyingi, yanataka maji ya moto tu.

Sisi tulitokea Kishapu. Mvua ilimtupa baba misimu miwili, pamba ikakauka ikiwa na urefu wa goti, naye akasikia kwamba upande wa Geita mgodi wa dhahabu unaandika watu. Tukaenda kwa miguu. Kaka yangu Masele aliachwa kwa bibi achunge ng'ombe wachache waliobaki. Sisi watatu tulitembea siku saba. Nakumbuka mgongo wa baba asubuhi na mgongo wa mama jioni, na kati ya hapo miguu yangu mwenyewe, iliyovimba ikawa haingii popote. Tulilala Salawe, tukalala Msalala, kwingine nimesahau. Tulipofika, baba alinitua chini akaniambia nitazame nyuma, kwamba nchi yote ile nimeipita.

Mgodini hawakumtuma chini ya ardhi. Walipoona anajua ng'ombe, walimpa kazi ya kulinda uwanja wa ndege. Ulikuwa kipande kirefu cha ardhi iliyofyekwa na kushindiliwa, chenye mawe ya chokaa pembeni na mlingoti wenye mfuko wa turubai uliojaa upepo na kuonyesha unakoelekea. Kibanda cha baba kilikuwa upande mmoja, nyumba yetu mwendo kidogo nyuma yake. Mara mbili kwa wiki ndege ndogo ilikuja kutoka Shinyanga, kule kwenye machimbo ya almasi, ikileta barua, vyuma vya mashine, na mara nyingine daktari. Kazi ya baba ilikuwa kuwasha moshi ili rubani auone uwanja na upepo, na kuhakikisha hakuna ng'ombe ndani.

Ng'ombe ndio waliokuwa kesi. Uwanja ulikatiza njia ya mifugo kwenda lamboni, na njia hiyo ilikuwepo kabla ya uwanja na kabla ya mgodi wenyewe. Mzee Masunga, aliyekuwa na kundi kubwa kuliko wote, hakuacha kumkumbusha baba jambo hilo kila walipoonana. Hata salamu yake ilikuwa na ng'ombe ndani yake. Walikubaliana kwamba mifugo itazuiwa kwa muda mfupi tu, ndege inapokaribia, na wala si asubuhi nzima, kwa kuwa ng'ombe mwenye kiu akishanusa maji huwezi kumweleza habari za ndege.

Sasa huo muda mfupi utaujuaje? Ndege ikishapaa Shinyanga, karani wa simu ya upepo alipata habari pale ofisini, akagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa nje. Mlio huo tuliusikia vizuri. Ulituambia kwamba ndege imeondoka, basi. Saa ilikuwa ofisini, na ofisi ilikuwa ng'ambo ya kilima. Baba aliomba apewe saa yake, akaambiwa italetwa. Nadhani bado iko njiani.

Kwa hiyo alikisia kwa jua, na siku za mawingu alikisia kwa moyo. Mara mbili aliwazuia ng'ombe mapema mno, wakawalemea wachungaji, wakavuka, na ndege ikafika ikakuta uwanja umejaa mapembe. Ilizunguka angani mpaka wakaondolewa. Mara ya pili rubani alishuka amevimba, akasema akiwakuta tena hatazunguka, atageuza aende zake Mwanza. Meneja naye akamwambia baba kwamba siku hiyo ikifika, afungashe.

Mama ndiye aliyetutoa kwenye aibu hiyo. Mama hakukaa darasani hata siku moja, na mpaka anakufa alisaini kwa kidole gumba. Lakini alikuwa mtu wa kuangalia mambo. Aliona kwamba siku akibandika michembe wakati reli inalia, akiiepua anasikia mngurumo nyuma ya kilima. Hakumwambia mtu. Alijaribu wiki baada ya wiki, kwa chungu kile kile, maji kibuyu kimoja, michembe mpaka mabegani mwa chungu, kuni za mgunga zilizokauka na si nyingine. Siku upepo ukitoka magharibi, kwa Wazinza, ukiipinga ndege usoni, aliongeza maji baridi kidogo ili chungu nacho kichelewe. Alipokuwa na hakika alimwambia baba, kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha, kwamba kutoka Shinyanga hadi hapa ni chungu kimoja.

Tangu siku ile ng'ombe hawakuonekana tena uwanjani. Reli ikilia, mama anabandika. Michembe ikianza kulainika, ananituma kwa baba. Baba anawasha moshi, wachungaji wanasimamisha mifugo, na kabla ng'ombe hawajaanza kusukumana ndege inatokea. Rubani alipoambiwa siri hiyo hakuamini, akaja kusimama jikoni kwetu na saa yake mkononi siku moja aliyokuwa amelala mgodini, mwenzake ndiye anayeleta ndege. Mama aliepua. Ndege ikanguruma. Rubani aliitazama saa, akautazama moto, akavua kofia. Baba alitembea na habari hiyo mwezi mzima, akisema mkewe ana saa isiyotiwa ufunguo. Mimi nilijivuna mpaka nikawa siwezi kucheza na watoto wengine bila kuwakumbusha mimi ni mtoto wa nani.

Ila niliielewa kichwa chini miguu juu. Nilichokiona mimi kila mara ni kwamba michembe inaiva, halafu ndege inakuja. Basi nikaamini kwamba michembe ndiyo inayoileta. Niliamini ule mvuke unapanda juu, unakwenda kumfikia rubani huko aliko, naye anajua chakula kiko tayari anashuka. Sikumuuliza mtu, maana lilikuwa jambo la wazi. Tulitembea siku saba kwa sababu njiani hatukuwa na chungu motoni kinachotuita.

Kisha ikaja siku yenyewe. Mama alikuwa mjamzito, na uchungu ulimshika asubuhi ya siku iliyotangulia. Mkunga alikuja, akakaa naye mchana kutwa, na kufikia asubuhi ya pili uso wa mkunga huyo haukunipendeza. Baba akamwita dresa wa hospitali ya mgodi. Dresa alimpima mama, akatoka nje akasema na baba kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa nyuma ya ukuta. Alisema mtoto amelala kikingama tumboni, kwamba yeye hana ujuzi wa kumgeuza, na kwamba daktari wa mgodi yuko likizo. Aliyebaki ni yule wa Shinyanga, na bahati nzuri ilikuwa siku ya ndege. Karani akapeleka maneno kwa simu ya upepo. Jibu lilirudi kwamba daktari anapanda.

Reli ikalia. Baba alikuwa ameshashika njia ya uwanjani. Akarudi hatua mbili, akainama mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Leo chungu ni chako," akasema. "Unajua mama yako anavyofanya. Fanya hivyo hivyo."

Nilijua. Nilipima maji kwa kibuyu, nikapanga kuni za mgunga. Kisha nikafunua kapu la michembe na mkono ukasita. Ndani mama alikuwa akiguna. Hakuwa mtu wa kulia, na mguno ule ulinitisha kuliko kilio. Nikafikiri: michembe inachelewa. Pembeni kulikuwa na kapu la matobolwa, na matobolwa huiva haraka. Nikiweka hayo, ndege nayo itakuja haraka. Niliona ajabu kwamba mama, pamoja na akili zake zote, hakuwahi kuliwaza jambo jepesi kama hilo. Nikajaza matobolwa mpaka mabegani mwa chungu.

Yalilainika upesi, kama nilivyotaka. Nikakimbia uwanjani nikamwambia baba tayari. Alilitazama jua, nikaona paji la uso wake likikunjamana, lakini kwa chungu cha nyumba yetu hakuwa na desturi ya kubisha. Akawasha moshi. Mzee Masunga na vijana wake wakasimamisha ng'ombe kwa fimbo na miluzi. Mimi nikarudi mbio nyumbani nikakaa karibu na chungu, nikitazama juu, nikiwa na furaha ya kweli.

Ndege haikuja. Nilichochea moto ili mvuke uzidi. Ndege haikuja. Kutoka uwanjani nilianza kusikia madume yakiunguruma na wachungaji wakigombana na baba. Moshi uliokuwa mnene ulianza kuwa mwembamba.

Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, mkunga ameufungua ili hewa iingie, na mvuke wa chungu changu ulikuwa unaelekea huko. Nikasikia mama akiniita. Nilisimama mlangoni, sikuruhusiwa kupita hapo. Alikuwa ameshika nguzo ya katikati kwa mikono miwili, nguo imemganda mwilini kwa jasho.

"Umepika nini?" akaniuliza.

"Michembe, mama."

"Hapana. Harufu hiyo ina utamu. Ni matobolwa." Maumivu yakamjia, akaing'ang'ania ile nguzo mpaka yakapita. Kisha akasema taratibu, kama anayenituma dukani, "Kimbia kwa baba yako. Mwambie ukweli. Mwambie bado karibu nusu chungu."

Nimekimbia mara nyingi maishani, lakini mbio zile bado ninazo miguuni. Nilikuwa nikilia na nikiona aibu, na kwa mara ya kwanza nikaanza kuhisi kwamba huenda mvuke hauendi kokote. Nilipofika, ng'ombe wa mbele walikuwa wameshapita mawe ya chokaa. Mzee Masunga alikuwa amewaachia. Alikuwa akimwambia baba kwamba ndege imeghairi, kwamba ng'ombe wake hawawezi kufa kwa kiu kwa ajili ya kitu kisichokuja, na kusema haki alikuwa na sababu.

Nilisimama katikati yao nikasema mbele ya watu wote. Nilisema nimeweka matobolwa badala ya michembe. Nilisema mama ameijua harufu akiwa ndani kwenye uchungu wake, na kwamba anasema bado nusu chungu. Nilisubiri kofi, na ningelipokea.

Baba hakunigusa. Alimgeukia Mzee Masunga, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Daktari yumo ndani ya ndege hiyo, mzee wangu. Wakiwa uwanjani rubani hatatua."

Mzee Masunga alinitazama mimi, si baba. "Ni mama yako mwenyewe aliyesema nusu chungu? Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, babu."

"Basi ni nusu chungu," akasema, akageuka akapiga mluzi.

Sijawahi kuona ng'ombe wenye kiu wakirudishwa nyuma namna ile. Mzee mwenyewe, na umri wake, aliingia mbele ya dume lake kubwa akalishika pembe, huku akiliita kwa majina ya sifa. Vijana wakajipanga mstari, na mimi mwishoni mwa mstari nikiwa na kijiti. Baba alikuwa ameishiwa majani ya moshi. Nikamwona anapanda kibanda chake, anang'oa nyasi za paa kwa mikono miwili na kuzitupa motoni na kinyesi cha ng'ombe juu yake, mpaka moshi ukasimama tena. Tulikaa hivyo muda ulioonekana hauishi. Nilikuwa nahesabu kichwani mambo ya chungu: sasa maji yametulia, sasa vipande vya juu vimezama, sasa ukichoma na kijiti kinapita. Nilipofika kwenye kijiti nikausikia mngurumo nyuma ya kilima.

Ndege ilipita juu mara moja tu ikatua. Daktari aliruka kabla mapanga ya ndege hayajaacha kuzunguka, mkoba mkononi, na baba akamkimbiza nyumbani wakiwa bega kwa bega. Mzee Masunga alingoja ndege isimame kabisa, akawaachia ng'ombe, na wakati wanapita alisema, bila kumlenga mtu, kwamba Mama Masele angezaliwa mwanamume angekuwa mtemi.

Sitawachosha kwa saa zile za kungoja nje. Jua lilikuwa limeinama tuliposikia kilio cha mtoto, na baada ya hicho, kilichonitoa machozi zaidi, sauti ya mama akiuliza kama ni wa kike au wa kiume. Alikuwa wa kike. Dresa alitoka akanawa mikono, akamwambia baba kwamba wangechelewa kidogo tu zaidi ya pale wangewapoteza wote wawili. Baba alikaa chini ukutani akafunika uso kwa kofia yake, akakaa hivyo.

Waliponiruhusu kuingia, mama aliomba chakula. Hakukuwa na kingine kilichopikwa. Nikampelekea yale matobolwa, yamepondeka kwa kuchochewa mno, nikampa nikiwa nimeangalia chini. Alikula yote, akiwa na njaa ya siku mbili. Kisha akaniuliza kwa nini nilifanya vile, nami nikamweleza: mvuke, rubani, matobolwa kuwa na mbio kuliko michembe. Alianza kucheka. Mkunga akamkemea aache kwa sababu ya nyuzi za daktari, naye akawa anacheka kwa pumzi tu, machozi yakimtoka.

"Ndege haikijui chungu chetu, mwanangu," akasema. "Chungu ndicho kinachoijua ndege."

Nilihitaji siku kadhaa kulielewa neno hilo, na nilipolielewa niliona mama yangu amekuwa mkubwa mara mbili. Kumbe hakukuwa na uganga wowote. Aliijua njia yote ile, ile tuliyoivunjia miguu siku saba, aliijua kwa muda wake kamili, akiwa amekaa kwenye mafiga na hajawahi kupanda ndege wala hataipanda. Nimekuja kusoma, nimefundisha hesabu miaka mingi, nimekaa na watu wenye vyeti vinavyojaza ukuta. Bado sijaona akili ya kuizidi ile, na nikisema hivi najivuna, sioni haya.

Ndege iliyofuata ilikuja siku chache baadaye. Mama alikuwa bado kitandani na mtoto kifuani. Reli ikalia, nikaenda kwenye kapu la michembe bila kuambiwa, nikapima maji, nikapanga kuni. Baada ya muda baba alikuja mwenyewe mpaka jikoni, na nyuma yake Mzee Masunga na vijana wanne, fimbo mabegani, ng'ombe wakisikika kwa mbali. Nilidhani wamekuja kumuuliza mama, nikasogea kuwapisha.

Baba hakuelekea mlangoni. Alisimama mbele yangu, akaniita kwa neno letu la kumwita mama, kama anavyoitwa mwanamke mzima.

"Mayu," akasema, "tukawazuie ng'ombe, au bado?"

Nilifunua chungu, nikachoma kipande na kijiti. Mama alikuwa pale ndani, anasikia kila neno na harufu yote inamfikia. Hakusema kitu.

"Bado, baba," nikajibu.

Wanaume wote sita wakakaa chini, wakangoja.